Mzee Zebroni Mbewe na Mbwa Waliomsemea

Waombolezaji wenzetu, Mchungaji, wazee wa Kamsonga, na ninyi wakwe mliofika asubuhi hii kutoka Mphangala, poleni nyote. Familia imenituma mimi, Falesi, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yetu. Nitayasoma kama tulivyoyaandika jana, ila mwishoni nitaongeza maneno ambayo hayakuandikwa, kwa sababu Mjomba Kefasi, kaka yake mama yetu, amezungumza hapa kabla yangu, na aliyoyasema nimeyasikia.

Marehemu Zebroni Chipala Mbewe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 hapa hapa Kamsonga, wilaya ya Ntchisi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Lameki Mbewe na marehemu Sofi, katika nyumba ambayo msingi wake bado unaonekana nyuma ya zizi la mpwa wake Luwani. Alilelewa zaidi na bibi yake, na bibi huyo alikuwa na paka mweusi aliyelala ndani ya kihenge juu ya mahindi, paka ambaye majirani walinong'ona kuwa ni wa uchawi, mpaka ulipofika mwaka wa panya wengi, wakaanza kuja mmoja mmoja kumwazima. Marehemu alipenda kusimulia habari za paka huyo, akisema kwamba kwake yeye ndipo alipoanza kuwajua binadamu.

Mwaka 1962 alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni ng'ambo ya mto, akifuatwa kila asubuhi na mbwa wake wa kwanza, Twende, ambaye jina lake halikuwa na neno kwa mtu yeyote, na katika mbwa wote aliowapa majina maishani mwake ni huyo tu aliyepewa jina lisilo na hasira. Mwalimu alimwambia, "Zebroni, chagua, mbwa au ubao," naye akatoka akasimama nje ya dirisha pamoja na Twende, akajifunza kuzidisha kwa kusikiliza, hadi mwalimu mwenyewe alipochoka na kuwaruhusu wote wawili waingie. Alimaliza darasa la nane mwaka 1970, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumsomesha zaidi ya hapo, alikwenda Lilongwe, ambako mji mkuu mpya ulikuwa ukijengwa, akajifunza uashi kwa miaka sita, akaijua kazi ya tofali tangu udongo mpaka lipu.

Mwaka 1977 aliitwa Mphangala, wilaya ya Dowa, kujenga kuta za kanisa, na hapo ndipo alipomwona Enelesi, aliyekuwa akiwaletea waashi maji. Mbwa wa marehemu wa wakati huo, ambaye alikuwa bado hana jina, alimfuata Enelesi mpaka kwao na hakurudi, ikabidi mwenyewe amfuate mbwa, na mama yetu alisema mpaka kufa kwake kwamba yeye aliposwa na mbwa, mwenye mbwa alikuja kuthibitisha tu. Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1978 ndani ya kanisa lile lile, na kwa desturi ya upande ule, ambako nyumba, mashamba na watoto hufuata ukoo wa mama, marehemu alihamia ukweni, akawa mkamwini.

Sasa wote tunajua mkamwini ni nani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini yeye alipewa jembe siku aliyofika, akalima shamba la mama mkwe wake kabla ya kulima lake, naye hakulalamika, maana mama mkwe huyo alimpenda, na kila kiangazi baada ya mavuno alimpelekea panya wa kuchoma waliopangwa kwenye vijiti, wale wanono, akimpa mtoto apeleke, kwa sababu heshima haimruhusu mama mkwe kumpa mkwe wake mkononi. Shida haikuwa jembe. Shida ilianza mwaka 1979, mbuzi wa Mjomba Kefasi walipoingia kwenye mahindi ya marehemu wakala nusu ya shamba, naye akaenda kwenye kikao cha ukoo, akasalimu vizuri, akaeleza. Mjomba, ambaye ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao wote, hakumruhusu amalize.

"Shemeji," alimwambia mbele ya watu, "wewe ni jogoo uliyefuata tetea. Jogoo mgeni hawiki kwenye banda la wenzake. Hapa huna mdomo."

Watu walicheka, marehemu akarudi nyumbani, na jioni ile akampa jina yule mbwa aliyemfikisha kwa Enelesi. Alimwita Sinamdomo.

Njia hii ni ya wazee wetu na hakuna wa kujifanya haijui. Neno ambalo huwezi kumwambia mtu usoni unampa mbwa wako akubebee, unasimama uani jua linapotua, unamwita, kijiji kizima kinasikia, na hakuna kikao kinachoweza kumtoza mtu faini kwa kumwita mbwa wake. Atakayekasirika amekiri kwamba jina ni lake. Kwa hiyo kila jioni marehemu aliita, "Sinamdomo! Sinamdomo weee, njoo ule!" na haikupita miezi miwili Mjomba naye akatafuta mbwa, akamwita Kwenuwapi, wakawa wanaitana hivyo kila mmoja uani kwake, njia ikiwa katikati, "Sinamdomo!" "Kwenuwapi!" mpaka wanawake kisimani wakawa wanangoja jioni kama watu wanaongoja redio. Mbwa wenyewe hawakujua kwamba wametukanana. Walilala kwenye jivu moja, wakazaa watoto pamoja, na hilo marehemu alilitaja mara nyingi alipotaka kuonyesha nani mwenye akili pale Mphangala.

Mama yetu alikuwa ametokea tumbo moja na Mjomba, na alilala kitanda kimoja na marehemu, hivyo vita ile ilimkata pande zote mbili. Yeye hakufuga mbwa. Alichukua paka wa kijivu wa kulinda kihenge, akampa jina Basi, na kila wale wanaume wawili walipoanza, yeye alitokeza mlangoni akaita kwa sauti kubwa kuliko yao, "Basi! Basi! Basi jamani, njoo ndani!" Paka huyo alipokufa binti yake aliitwa Basi, na binti wa binti yake akaitwa Basi, na mpaka leo katika nyumba ile yupo paka anayeitwa hivyo.

Nyumba ile marehemu aliimaliza mwaka 1984, kwa matofali aliyoyafinyanga na kuyachoma mwenyewe, ikiwa nyumba ya kwanza ya mabati Mphangala, yenye vyumba vinne na baraza ya saruji nyekundu ambayo mama aliing'arisha kila Jumamosi. Katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia watoto watatu, Falesi aliyezaliwa 1980, Masautso aliyezaliwa 1983, na Lusiya aliyezaliwa 1987 akatutoka akiwa na miaka miwili kwa surua, Mungu amweke pema.

Mwaka 1994 Falesi alichaguliwa kwenda sekondari, na Mjomba, ambaye kwa desturi ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, akakataa, akisema msichana aolewe, mume alikwishampatia. Marehemu alikwenda tena kwenye kikao, akijua atakachokipata, akasema yeye ndiye aliyemzaa mtoto huyu. Mjomba akamjibu, "Watoto ni wa ukoo wetu, Shemeji. Wewe ulileta mbegu tu. Mwenye shamba ndiye anayepanga mavuno." Marehemu aliuza baiskeli yake, akampeleka Falesi shuleni kwa miguu, akatozwa mbuzi kwa kuudharau ukoo, akamtoa. Aliporudi alichukua mbwa mdogo wa uzao wa Sinamdomo, dume jekundu lenye kifua kipana, akamwita Mbegutu.

Tunaomba msikilize vizuri habari za Mbegutu, maana yupo mtu mzima anayeishi leo kwa sababu yake. Tarehe 11 Oktoba 1998, jioni, mbuzi wakiwa wanafungwa, fisi aliingia uani kwa Mjomba, na mlangoni pa zizi alikuwa amesimama Tadala, mjukuu wake, mtoto wa miaka minne. Wanaume wa nyumba ile walikimbilia mikuki iliyokuwa ndani. Mbegutu hakuwa na mkuki wala hakuwa wa nyumba ile, aliruka njia, akamshika fisi shingoni, wakabingirika mpaka kwenye migomba, na fisi alipokimbia Mbegutu alibaki na sikio moja na bega lililochanika mpaka mfupa, huku mtoto hana hata mkwaruzo. Marehemu alimbeba mikononi, akamwosha kwa maji ya chumvi, na mama yetu alimlalisha jikoni karibu na moto, akamlisha ugali wa nsima kwa vidole, na Basi, ambaye hakuwahi kumvumilia mbwa ndani ya nyumba, alilala ubavuni pake.

Asubuhi Mjomba alikuja akasimama njiani. Marehemu alitoka, akangoja. Neno lililohitajika lilikuwa moja na kila mtu alilijua.

"Mbwa mzuri," Mjomba alisema. "Jina lake ndilo baya."

"Basi mpe wewe lingine, Shemeji," marehemu akamjibu. "Lolote utakalotaja sasa hivi, nitamwita hilo mpaka afe."

Mjomba alitazama chini, akatazama zizi lake, akaondoka. Shukrani ya punda ni mateke, na miaka mitano baadaye tuliyaona mateke yenyewe. Tarehe 22 Mei 2003 Mbegutu alikutwa kwenye njia ya kisimani, mdomo umejaa povu, na pembeni yake kipande cha nyama kilichobaki. Familia haina ushahidi na haimtaji mtu. Inasema tu kwamba ilikuwa nyama ya mbuzi, na kwamba wiki ile mbuzi alichinjwa katika nyumba moja tu Mphangala nzima. Marehemu alimzika nyuma ya nyumba, akaweka tofali la kuchoma kichwani, akaketi pale mpaka mama yetu alipomfuata akamwambia, "Baba Falesi, inuka, watakuona unalia." Naye akasema, "Waache waone." Mbwa aliyefuata, jike lenye macho ya manjano, alimwita Mnajua, akamwita kwa sauti ya chini kuliko wote, na safari hii hakuna mbwa aliyeitwa ng'ambo ya njia kumjibu.

Mama yetu Enelesi aliugua shinikizo la damu kwa muda mrefu, akafariki tarehe 3 Februari 2017, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake Mphangala. Tulipomaliza matanga, wenye ukoo walikaa, wakamwita marehemu kwenye baraza ya nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe, wakamkalisha kwenye mkeka, wakamfungua kwa desturi, kwamba sasa yuko huru arudi kwao. Desturi hiyo ipo na hatukatai kwamba ipo. Lakini ipo pia desturi ya kumwacha mzee aliyekaa vizuri amalizie siku zake kwa watoto wake, na vijijini kote tunakokujua wakamwini wazee wanaachwa. Marehemu aliomba abaki. Alisema, "Nina miaka thelathini na minane hapa, kwetu nitamjua nani?" Mjomba akamwambia, "Shemeji, kilichokuleta kimelala. Tunakushukuru kwa kazi." Falesi aliposimama kusema neno aliambiwa arudi Salima kwenye shule yake akafundishe watoto wa watu.

Aliondoka kesho yake na baiskeli ya kuazima, nguo zake kwenye karai la uashi, Mnajua mzee akitembea nyuma, na Basi ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kitambaa cha mama. Walipofika kijitoni Basi alichana kitambaa, akaruka, akarudi njia yote mpaka barazani. Mbwa hufuata mtu, paka hufuata nyumba, kila mtu analijua hilo, lakini marehemu alisimama pale kijitoni mpaka jua likawa kali, na alipofika hapa Kamsonga jambo la kwanza alilomwambia Luwani lilikuwa, "Hata paka hafukuzwi." Mnajua alikufa mwaka uliofuata. Falesi alimwomba baba aje Salima, akakataa, akisema hana nguvu ya kuwa mgeni mara ya tatu. Na katika sebule ya nyumba ile yenye baraza nyekundu, ambayo mama yetu aliing'arisha kwa mikono yake, Mjomba ametundika tumbaku yake ikauke.

Mwezi wa Machi mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, akapelekwa hospitali ya wilaya, tukaambiwa moyo umechoka. Alikuwa na mtoto wa mbwa aliyepewa na jirani, mwekundu, kifua kipana, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa na mbwa bila kumpa jina. Tulipomuuliza alisema, "Nimwite nani? Wa kusikia hawapo karibu." Mwezi wa Mei alimtuma Luwani Mphangala na ombi moja, kwamba akifa azikwe kando ya Enelesi. Luwani alikwenda, akaketi, akasema ombi hilo mbele ya mashahidi, wawili kati yao wamekaa pale kwenye mkeka wa mbele na wananitazama. Jibu alilopewa ni hili: "Makaburi yetu ni ya watu wa ukoo. Jogoo mgeni hazikwi bandani." Luwani alitaka kumficha mgonjwa jibu hilo, lakini marehemu alikuwa mwashi, alijua ukuta ulionyooka na uliopinda, akamwambia, "Liseme tu kama ulivyolisikia." Akalisikia lote. Akageuka ukutani. Baadaye alimwita Falesi akamwambia, "Yule mtoto wa mbwa, mpe jina wewe. Mimi maneno yameniishia." Alifariki tarehe 19 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mbwa mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, waliomhudumia kwa upole. Inawashukuru majirani wa Kamsonga waliompokea mtu ambaye wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa alipoondoka, mkamtengea kiti kwenye vikao na kumngoja amalize kusema. Inawashukuru waashi wenzake, vijana wa kanisa waliochimba kaburi, na Luwani na mkewe, ambao hatuna cha kuwalipa. Inawashukuru wakwe kwa magunia mawili ya unga na kwa pikapu.

Hapo ndipo maandishi yanapoishia, na sasa ninasema mwenyewe. Mjomba, umesimama hapa mbele ya jeneza ukasema alikuwa ndugu yenu. Ukasema, na watu wote wamekusikia, "Laiti angetuambia kwamba anataka kulala kando ya dada yetu, nani angemnyima?" Umelisema hilo kaburi likiwa limeshachimbwa, ukijua kama ninavyojua kwamba kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu. Ulimnyima akiwa hai, ukampa akiwa ndani ya jeneza, mbele ya watu, mahali ambapo kutoa hakukugharimu kitu. Nina hasira, Mjomba, na sitaki Mchungaji aniombee iondoke leo.

Jogoo mlimfukuza, na desturi iliwaruhusu. Lakini mimi si jogoo. Mimi nimetoka tumbo la Enelesi, kitovu changu kiko Mphangala, nyumba ya mama ni ya binti yake, na desturi hiyo hiyo uliyomsomea baba yangu kwenye mkeka haina mahali inapomfungua mtoto wa kike. Nimepata uhamisho, muhula wa Septemba nitafundisha shule ya pale pale. Tumbaku itoke sebuleni kabla sijafika. Basi yuko kule ananingoja, na huyu mtoto wa mbwa, ambaye vijana mmekuwa mkimfukuza kwa fimbo tangu asubuhi, mwacheni, nitakwenda naye. Jina nimempa leo, uliponyamaza na kuketi. Anaitwa Mmechelewa. Nitamwita kila jua linapotua, nikiwa nimesimama kwenye baraza nyekundu, na nina sauti ya mama yangu.

Pumzika sasa, Baba. Kuita mbwa niachie mimi.